Wamekupa idhini au wamekuadhibu? Namna ya kulisoma na kulitafsiri neno "sanction"

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Asubuhi moja, chai haijapoa, akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nisomee ujumbe huu. Naona benki wamenipiga vikwazo."

Nikamwomba anitumie picha. Ujumbe ulikuwa na mstari mmoja tu wa maana: "Your loan has been sanctioned." Ulikuwa umefika tangu juzi yake. Mzee huyu hakosi taarifa ya habari ya jioni, na neno hilo analijua kwa Urusi na Iran. Basi siku mbili nzima hakukanyaga benki, kumbe mkopo umeshakubaliwa na wanamngoja akatie saini.

Sikumcheka, maana mimi ninayekula kwa kutafsiri niliwahi kuteleza kwenye neno hilo hilo, ila kwa upande wa pili. Nilikuwa kijana, naandikia redio moja ndogo habari za michezo, ikaingia habari ya Kiingereza kwamba shirikisho fulani "has sanctioned two coaches". Nikaandika kwa kujiamini kabisa: shirikisho limewaidhinisha makocha wawili. Mtangazaji akaisoma saa mbili usiku. Kesho yake akapiga simu msikilizaji mmoja, mtu mzima kwa sauti, akauliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Wanangu, hao makocha mliowaidhinisha jana, mbona wamefungiwa?"

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kulisoma neno hili, na ndio ninaouweka hapa. Unamfaa anayetafsiri, anayesoma barua za benki, za serikali au za mahakama, na yeyote aliyewahi kukutana na sentensi yenye neno hili akahisi imemgeuka katikati ya njia.

Kwanza, lilikotoka

Ukijua asili yake, mengine yatakukaa vizuri. Katika Kilatini kuna kitenzi "sancire", maana yake kukifanya kitu kiwe kitakatifu, kisiguswe. Kutoka shina hilo hilo lilipatikana "sanctus", yaani mtakatifu. Waroma walipotunga sheria, kile kifungu kilichotaja adhabu ya atakayeivunja kiliitwa "sanctio". Kwa hiyo neno lilibeba mambo mawili tangu utotoni: sheria inatiwa nguvu, na mvunjaji anaonywa. Tawi moja lilikua kuelekea kutia nguvu, likafika kwenye idhini. Tawi la pili likafuata onyo, likafika kwenye adhabu.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Tunalo neno haramu. Nyama ya nguruwe kwa Mwislamu ni haramu, yaani imekatazwa. Na msikiti mtukufu kuliko yote, ule wa Makka, unaitwa al-Masjid al-Haram. Hujaji anapovaa shuka zake mbili nyeupe tunasema amehirimia. Shina ni moja la Kiarabu: kilichozungushiwa uzio. Uzio huo unaweza kuwa wa heshima au wa katazo, na mtu aliyelelewa na lugha hii hachanganyikiwi hata kidogo.

Katika historia ya Ulaya utakutana pia na "Pragmatic Sanction", kwa mfano ile ya mwaka 1713 ambayo kaizari Charles VI, aliyetawala kutoka Vienna, aliitoa ili binti aweze kurithi milki yake. Hapo neno lina maana ya amri kuu ya mfalme. Ukiliona limeandikwa kwa herufi kubwa pamoja na mwaka wa zamani, liandike "amri" na uendelee na kazi.

Hatua ya 1: tazama kinachotendwa

Likiwa kitenzi, usikodolee macho neno lenyewe. Ruka mbele uone kinachofuata. Kikiwa ni jambo, kama vile mradi, mkopo, safari, mechi au matumizi ya fedha, basi ni idhini. Akiwa ni mtu, klabu, kampuni au nchi, basi ni adhabu.

"The committee sanctioned the match": kamati iliidhinisha mechi. "The committee sanctioned the club": kamati iliiadhibu klabu. Kamati ni ile ile na kitenzi ni kile kile, lakini klabu ya pili inatafuta wakili.

Mkopo wa mjomba ni jambo. Makocha wangu wawili walikuwa watu. Laiti ningejua hilo tu, lisingenikuta lililonikuta.

Hili nalo tunalifanya kila siku katika Kiswahili bila kufikiri. Chukua kitenzi kuazima. "Nimemwazima Juma baiskeli" maana yake nimempa, atanirudishia. "Nimeazima baiskeli kwa Juma" maana yake nimechukua, mimi ndiye nitakayerudisha. Mali inakwenda pande mbili zilizo kinyume na kitenzi hakijabadilika. Kilichoamua ni nani anafuata na ameunganishwa vipi. Wapo wanaokwepa kwa kusema kuazimisha, lakini wengi wetu tunaishi na kuazima kwa amani. Lichukulie neno la Kiingereza hivyo hivyo.

Kanuni hii ina tundu moja, nalo ni jambo baya. "The law sanctions any breach with a fine" haina maana kwamba sheria inaidhinisha uvunjaji. Kinachotendwa ni jambo, lakini ni kosa, na baadaye imetajwa faini. Hapo ni kuadhibu. Ukikuta kosa baada ya kitenzi, soma hadi nukta kabla hujaandika chochote. Na ukikuta sentensi kama "the law sanctions torture", iliyosimama peke yake bila faini wala kifungo, usiitafsiri mpaka umesoma aya nzima, kwa sababu inaweza kuwa inamsifu mtunga sheria au inamlaani.

Hatua ya 2: ni moja au ni nyingi?

Likiwa nomino, hesabu. Umoja bila kitu kingine, kama "with the sanction of the court", mara nyingi ni idhini: kwa idhini ya mahakama. Wingi, "sanctions", karibu siku zote ni vikwazo au adhabu. "Karibu" nimeiweka kwa makusudi, lakini kwa msomaji wa habari za kimataifa unaweza kuichukulia kama siku zote.

Inapendeza kwamba Kiswahili kimeangukia pale pale. Kikwazo kimoja ni jiwe njiani, ni mkwe asiyekutaka, ni umeme uliokatika. Vikwazo ndivyo vinavyowekwa na dola. Hakuna mhariri atakayekuruhusu uandike kwamba Marekani imeiwekea nchi fulani kikwazo.

Wingi huu wenye maana ya kuibana nchi ulishika kasi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipoundwa Shirikisho la Mataifa. Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, shirikisho hilo liliiwekea vikwazo, likaacha mafuta nje, na katikati ya 1936 vikaondolewa, Waitalia wakiwa wameshaingia Addis Ababa. Baadaye Umoja wa Mataifa uliiwekea Rhodesia vikwazo vya lazima mwaka 1966. Jambo ambalo watafsiri wengi hawalitarajii ni kwamba kifungu cha 41 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ndicho kinachotoa uwezo huo, hakilitaji neno hili. Kinasema tu "hatua" zisizohusu matumizi ya nguvu za kijeshi. Kwa hiyo ukiwa unatafsiri kifungu chenyewe usichomeke vikwazo. Acha hatua zibaki hatua.

Kwetu neno vikwazo lilisikika sana kuanzia Julai 1996. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kuiwekea vikwazo vya kiuchumi, vikaja kusitishwa Januari 1999. Ukiwauliza watu wa Kigoma au wa Bujumbura waliokuwa watu wazima wakati ule, hawatakupa maana ya kamusi. Watakutajia bei ya petroli.

Siku hizi wingi huu unakutana na watu wa kawaida kwenye kutuma pesa. Binamu yangu yuko Muscat. Alituma dola nyumbani, zikakaa siku sita, na alipouliza akajibiwa kwamba muamala uko kwenye "sanctions screening". Akanitumia ujumbe wa furaha: "Wameidhinisha, bado uchunguzi tu." Ikabidi nimpoze. Dola nyingi zinazovuka mipaka hupitia benki zenye uhusiano na Marekani, na benki hizo hulinganisha majina ya mtumaji na mpokeaji na orodha za waliowekewa vikwazo, kubwa yao ikiwa ile ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Ukiitwa jina linalobebwa na watu elfu pwani nzima, kama Mohamed Salim au Ali Hassan, kufanana na mtu wa kwenye orodha ni jambo la kawaida wala si tuhuma. Jibu lake ni kupeleka nakala ya kitambulisho yenye tarehe ya kuzaliwa na majina matatu kamili. Ila lazima kwanza ujue kwamba neno lile halikukupongeza.

Hatua ya 3: kihusishi

Hii ni fupi. "Sanctions on" na "sanctions against" ni vikwazo dhidi ya. "Sanction for" na "sanction to" ni idhini ya kufanya jambo. "Without sanction" ni bila idhini. "Sanction of" ndiyo yenye ncha mbili: "the sanction of the king" ni idhini ya mfalme, na "the sanction of imprisonment" ni adhabu ya kifungo. Tazama kilicho baada ya "of": kama ni mwenye mamlaka, ni idhini, kama ni maumivu, ni adhabu.

Hatua ya 4: mtego wa mahakamani

Hapa ndipo wanapoanguka hata waliobobea, kwa sababu mazingira yote yananuka adhabu huku neno lina maana ya idhini.

Fungua magazeti ya Kampala. Kila baada ya siku chache kuna kichwa cha habari kinachosema kwamba "DPP", yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, amefanya "sanction" ya mashtaka dhidi ya mtu fulani, au kwamba faili "has been sanctioned". Msomaji anaona polisi, anaona mtuhumiwa, anaona pingu, kisha anaona neno hili. Akili inakimbilia adhabu. Kumbe utaratibu wa Uganda ni kwamba polisi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye akiridhika kwamba ushahidi unatosha huidhinisha mashtaka ndipo mtu apandishwe kizimbani. Rudi kwenye hatua ya 1: kinachotendwa ni mashtaka, na mashtaka ni jambo. Basi andika "Mkurugenzi wa Mashtaka aidhinisha mashtaka ya mauaji". Ukiandika kwamba ameyawekea mashtaka vikwazo umemwachia huru mshtakiwa kwa kalamu yako.

India wana kitu kinachofanana. Sheria yao ya kuzuia rushwa ya mwaka 1988, kifungu cha 19, inataka mahakama isipokee shauri dhidi ya mtumishi wa umma mpaka ipatikane idhini ya mamlaka yenye uwezo wa kumwondoa kazini. Idhini hiyo wanaiita "sanction for prosecution". Kwa hiyo ukisoma kwamba gavana wa jimbo "granted sanction" dhidi ya waziri, ameruhusu waziri ashtakiwe. Na ukisoma "sanction refused", waziri amepona. Nimewahi kuona mtu akitafsiri hiyo ya mwisho kuwa "adhabu yakataliwa". Alikosea neno, lakini mtuhumiwa alipona vile vile, na mhariri hakugundua. Usitegemee bahati hiyo mara ya pili.

Hatua ya 5: nani anaandika, na yuko wapi

Kiingereza kina makwao mengi, na kila kwao neno hili limelalia upande wake.

Kiingereza cha India na cha taasisi zilizolelewa na mtindo wa kihindi kinapenda maana ya idhini. Barua ya kukubaliwa mkopo inaitwa "sanction letter", na huwa inataja kiasi, riba, muda wa kulipa na masharti. Ukiipokea, soma masharti kabla ya kupika pilau. Kuidhinishwa si kupewa: pesa hutoka baada ya kutia saini, kuweka dhamana na mengineyo. Huko huko utakuta "sanctioned strength" ya polisi au ya hospitali, nayo haina uhusiano wowote na nguvu wala adhabu. Ni idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Maofisa utumishi wa Tanzania wana neno lao zuri kwa hilo, nalo ni ikama. Nilipoanza kuliandika ikama mahali hapo, hakuna aliyenirudishia kazi tena.

Uingereza mambo yamegeuka. Mswahili anayeishi Leicester au London akikuambia "I've been sanctioned", usimpe hongera. Maana yake ofisi ya ajira imempunguzia au kumsimamishia malipo ya ruzuku kwa kuwa hakufika kwenye miadi au hakutimiza sharti la kutafuta kazi. Mtu ndiye anayetendwa, kanuni inasimama. Kwa Kiswahili sema "wamemkata malipo". Hakuna anayesema mtu amewekewa vikwazo na ofisi ya ajira.

Marekani, majaji huwafanyia hivyo mawakili. Juni 2023 huko New York jaji aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Habari nyingi za Kiingereza zilitumia neno letu hili. Tafsiri iliyo sawa ni kwamba waliadhibiwa, au moja kwa moja kwamba walitozwa faini.

Kisha kuna ndugu zetu wa Congo, Burundi na wale wa Rwanda waliosomea Kifaransa. Kwao neno linasikika kwanza kama adhabu ya shuleni au ya kazini, kwa sababu katika Kifaransa cha kila siku ndiyo maana iliyotawala. Lakini Kifaransa rasmi kina maana ya pili pia: katiba ya Ubelgiji inasema mfalme hu-"sanctionne" sheria, yaani huziidhinisha. Na kuna usemi wa vyuoni, "études sanctionnées par un diplôme", wenye maana ya masomo yanayohitimishwa kwa kupewa cheti. Nimeona wasifu wa kuombea kazi kutoka Bukavu ulioupeleka usemi huo kwenye Kiingereza kama ulivyo, "studies sanctioned by a diploma". Mwajiri wa Nairobi akabaki anajiuliza kijana huyu alikosa nini hata diploma ikamwadhibu. Kama ni wewe, andika tu kwamba ulihitimu na kutunukiwa diploma.

Hatua ya 6: likigeuka kivumishi

"Sanctioned" likikaa kabla ya nomino huwa limeficha mtendaji, kwa hiyo rudisha sentensi nzima kichwani. "A sanctioned tournament" ni mashindano yanayotambuliwa na shirikisho, jambo, idhini. "A sanctioned businessman" ni mfanyabiashara aliyewekewa vikwazo, mtu, adhabu. "Sanctioned oil" inakuvuruga kidogo, kwa kuwa mafuta si mtu. Lakini mafuta ni mali ya nchi iliyobanwa, na habari inahusu meli na biashara ya kimataifa, kwa hiyo ni mafuta yaliyo chini ya vikwazo. Bidhaa zifuate na mwenye bidhaa.

"Unsanctioned", kwa upande wake, haisumbui. Ni bila idhini: maandamano yasiyo na kibali, mechi isiyotambuliwa, safari ambayo bosi hakuijua.

"State-sanctioned" hutumika zaidi kwa maovu. Mauaji ya namna hiyo ni yale ambayo dola imeyaruhusu au imeyafumbia macho. Hapa sipendi kuandika "yaliyoidhinishwa", maana inaleta picha ya fomu na mhuri. Napenda "yenye baraka za serikali". Baraka katika matumizi yetu ya kisiasa zina kejeli ya kutosha.

Hatua ya 7: chagua neno la Kiswahili

Ukishajua ni upande wa idhini, kazi haijaisha, kwa sababu sisi tuna maneno mengi hapo na kila moja lina mlango wake.

Ruhusa ni ya mtu kwa mtu. Mwanafunzi anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, mgonjwa anaruhusiwa hospitalini, mke na mume wanapeana. Ukiiweka kwenye barua ya mahakama inasikika kama mtoto ameomba kwenda kucheza. Idhini imevaa koti: inatoka kwa mwenye mamlaka, na mara nyingi ndiyo inayolifaa neno letu. Kibali ni idhini iliyoshikika mkononi, yenye namba na tarehe ya kuisha, kama kibali cha ujenzi au cha kazi. Kanisani wana kibali kingine kabisa, kile ambacho mtu hukipata machoni pa Mungu. Leseni ni kibali cha kuendesha shughuli au gari. Ridhaa inatoka kwa anayeguswa na jambo lenyewe: mgonjwa kabla ya upasuaji, wapiga kura ambao mgombea anakwenda kuomba ridhaa yao. Bunge hupitisha bajeti na huridhia mikataba ya kimataifa. Wakubwa wa chama hubariki.

Kwa hiyo "the board sanctioned the budget" naiandika "bodi ilipitisha bajeti", sina haja ya kulilazimisha idhinisha kila mahali. Na "he acted without the chief's sanction", kama chifu ni wa kijiji na jambo ni la kimila, itakuwa bila baraka za mzee.

Upande wa adhabu uchaguzi ni mwembamba zaidi. Nchi, viongozi na kampuni huwekewa vikwazo. Wachezaji na makocha hufungiwa au hutozwa faini. Watumishi huchukuliwa hatua za kinidhamu. Kitenzi ni kuwekea, na anayewekewa anafuata mara moja: "Umoja wa Ulaya umewawekea vikwazo maofisa watano". Ukisema "umeweka vikwazo kwa maofisa" utaeleweka, lakini wasomaji wenye sikio watajua ulikuwa unatafsiri.

Hatua ya 8: unapoandika Kiingereza wewe

Ushauri wangu ni wa uvivu: usilitumie kwa maana ya idhini. Andika "approved" au "authorised". Kwa adhabu andika "penalised", "fined" au "suspended", kutegemea kilichotokea. Neno lenyewe libakize kwenye wingi, "impose sanctions on", ambapo hakuna wa kukuelewa vibaya. Wapo wanaolipenda kwa sababu linasikika la kiofisi. Lakini barua ya kiofisi inayomfanya mteja akae nyumbani siku mbili kwa hofu ina faida gani?

Na ukipokea barua ambayo hatua zote hizi hazikuitatua, muulize aliyeiandika, kwa mstari mmoja: "Please confirm whether this means approved or penalised." Mjomba aliona aibu kuuliza, nikamwandikia mimi. Jibu lilirudi baada ya nusu saa, neno moja tu na alama ya mshangao: "Approved!" Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akaenda kutia saini.